Kipupwe cha Kwanza Nduguti, Chini ya Miarobaini



Kwetu Unguja kipupwe ni rehema tupu. Masika yamekwisha, kusi linavuma, usiku unavuta shuka mpaka mabegani, na asubuhi unasema "leo kuna baridi" nawe umevaa dera la mikono mifupi. Baridi ya bara ni kitu chengine kabisa. Huku nilipo sasa, mwezi wa sita na wa saba, watu hutoka nyumbani alfajiri wamejifunika mablanketi kama majoho, watoto wa skuli wanavaa sweta mbili, na ukizungumza unaona pumzi yako imekutangulia.

Niko Nduguti. Najua wengi mtauliza ndiyo wapi, na mimi niliuliza hivyo hivyo siku mume wangu alipopata barua ya kazi. Ni mji mdogo wa Mkoa wa Singida, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Iramba. Ukitoka kwetu unapanda boti mpaka Dar es Salaam, treni ya umeme mpaka Dodoma, basi kupitia Manyoni mpaka Singida mjini, kisha unashika njia ya Nzega. Ukifika Iguguno unakata kulia, kaskazini, na barabara hiyo ukiiacha iende itakushusha mpaka daraja la Mto Sibiti na kukuvusha Mkoa wa Simiyu. Sisi tunaishia kabla ya hapo.

Tulioana Mfunguo Mosi, kama wanavyooana wengi wetu baada ya Ramadhani, na nikafika huku katikati ya Mei 2025, Mfunguo Pili, hina bado haijatoka kwenye kucha. Katika sanduku nilikuwa na mashuka mapya, chetezo, udi alionipa mama, singo iliyobaki na chupa kubwa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya tatu nikaifungua ile chupa nipake mwilini, mafuta hayatoki. Yameganda, meupe kama samli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na simu ya mume wangu asubuhi ile ilisema nyuzi 14. Nikaikumbatia chupa kifuani chini ya khanga ipate joto, na nikalia kidogo. Si kwa ajili ya mafuta.

Sababu ya baridi hii ni nyepesi kuieleza. Singida mjini uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na sisi tumezoea kuishi pembeni mwa maji, ambayo hayaruhusu usiku kupoa sana. Huku hakuna bahari wala mawingu. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Disemba na inakatika Aprili, hakuna cha vuli na masika. Ikishakatika, mbingu inabaki wazi miezi mitano, sita, na joto lote la mchana linapanda juu usiku kama moshi usio na dari ya kuuzuia. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri unatetemeka, na saa saba mchana unatafuta kivuli.

Na kivuli ndicho kilichonifanya niandike.

Nje ya mji, kipupwe huku ni rangi moja. Alizeti zimekatwa, mabua ya mtama yamelala, migunga imepukutisha majani, mbuyu umebaki mifupa. Upepo unapita juu ya mashamba matupu ukiwa na vumbi lake mkononi. Mtu wa kisiwani, aliyezoea kuona kijani mwaka mzima, moyo unamkauka. Lakini ukirudi mtaani kwetu, upande wa nyumba za zamani, ni kama umeingia nyumba nyengine. Kila ua una mti uliopandwa na mtu. Kuna miarobaini iliyogusana matawi kutoka upande mmoja wa njia mpaka wa pili, mijohoro yenye maua ya manjano, miembe inayoanza kuchanua mwezi wa saba na kuvuta nyuki, na katikati ya mtaa mkuyu mmoja mnene ambao hakuna anayesema ameupanda. Miti hii haikuota yenyewe. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na mjohoro ni mti wa kusini-mashariki ya Asia. Wote wawili walichaguliwa na watu kwa sababu wanavumilia ukame na hawavui nguo zao wakati miti ya porini inapovua.

Asubuhi mtaa wetu unaamshwa na fagio. Upepo wa usiku unamwaga majani, na kabla jua halijapanda kila mwanamke yuko mbele ya nyumba yake anafagia, mgongo umeinama, mtandio umefungwa kichwani kuzuia baridi. Wiki ya kwanza nilikuwa nafagia mbio nirudi ndani. Wiki ya pili nikagundua kuwa kufagia ndiyo baraza yao. Hapo ndipo unajua nani ana mgonjwa, nani kapata kuku wa kuuza, maji yatatoka lini. Kwetu tuna baraza za mawe na kahawa ya alasiri, tena ni za wanaume. Hawa mama zangu wana fagio na saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi.

Walianza kuniita Mpemba. Nikawaambia mimi ni wa Unguja, wakasema "ndiyo, Mpemba wa Unguja," na mambo yakaishia hapo. Bara kila mtu wa visiwani ni Mpemba, dada zangu, msipoteze nguvu zenu.

Kazi ya fagio ikiisha ndipo inapokuja starehe yenyewe, ambayo mpaka leo sijaipatia mfano wake Unguja: kuota jua. Saa mbili na nusu, saa tatu, jua linapenya kwenye miarobaini na kuangusha vipande vyake chini. Mkeka unatandikwa pale kipande kikubwa kilipo, miguu inanyooshwa, na kikombe cha chai ya tangawizi kinashikwa kwa mikono miwili kwa ajili ya joto lake kabla ya ladha. Jua likisogea, na mkeka unasogea. Unaweza kuuzunguka mti mzima kufika adhuhuri, na kufika hapo umeshachambua mboga, umeshamsikiliza mtoto juzuu amma, umeshacheka.

Palikuwa na bibi mmoja katika mkeka ule, Mnyiramba, mtu mzima sana, hajawahi kuiona bahari. Siku moja nilikuwa nimekaa nusu juani, nusu kivulini, akanigusa bega. "Mjukuu wangu, kaa huku au kaa huko. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupenda mtu akae katikati ya jua na kivuli." Nikamtazama. Hadithi hiyo ninaijua, wamepokea maimamu akina Abu Daud na Ibn Majah, na wanavyuoni wengi wanaihesabu ni katika adabu za kukaa. Lakini kusikia kutoka kwa bibi yule, chini ya mti ule, kilomita mamia kutoka chuo cha karibu ninachokijua mimi, kulinifunga mdomo. Visiwani tuna tabia ya kujiona kama dini ilitua kwetu na bara wakabakishiwa makombo. Yule bibi alijifunza kwa baba yake, baba yake kwa mwalimu aliyekuja kwa miguu zamani akifuata biashara. Nikasogea juani mwili mzima.

Baadaye nilimuuliza kuhusu kivuli chenyewe, akanikumbusha jengine: yule anayechafua njia ya watu au kivuli chao anajitafutia laana, nayo imo katika Sahihi Muslim. Kivuli ni mali ya watu wote. Mtaani kwetu hili wanaliishi bila kulihubiri. Mwarobaini wa mbele ya nyumba yetu unakaliwa na mwenye bodaboda anayesubiri abiria, mama wa vitunguu na magunia yake, na wanafunzi wakitoka skuli, na hakuna anayebisha hodi. Mwanzoni lilinikera, mimi niliyelelewa na ua wenye ukuta na mlango wa kufunga. Nilikuwa nataka kukaa nje bila mtandio, nipigwe na jua la kipupwe shingoni. Mume wangu akanizungushia uzio wa mabua nyuma ya jikoni, kona ndogo yenye mpapai, na hapo ndipo ninapofungua nywele. Dada anayehamia bara aliwaze hili mapema: nyumba nyingi hazina ua wa kuta, na sitara yako itabidi uijenge kwa mabua na kwa kuomba.

Sasa niseme habari ya maji, maana hakuna aliyeniambia, hata somo yangu aliyenifundisha kila kitu chengine.

Kutawadha kwa Alfajiri katika kipupwe cha huku ni jihadi ndogo. Maji yamelala kwenye pipa nje usiku kucha. Ukitia mkono unahisi mifupa. Sote tunajua ile hadithi kwamba kutimiza udhu wakati nafsi haitaki ni katika mambo yanayofuta madhambi na kupandisha daraja, lakini kuijua Unguja na kuijua pale penye pipa ni elimu mbili. Mambo mawili yalinisaidia. La kwanza, kuchota maji usiku na kuyaweka ndani. Yanakuwa baridi, lakini si barafu. La pili ni khufu, soksi za ngozi. Ukizivaa ukiwa na udhu kamili, mkaazi ana ruhusa ya kupangusa juu yake mchana na usiku wake mmoja, na msafiri siku tatu. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi zina masharti yake: zifunike vifundo vya miguu, ziwe imara, zisiwe soksi nyepesi za dukani. Na hazina kazi kwenye janaba.

Hapo kwenye janaba ndipo panapohitaji maneno ya wazi, kwa staha. Bibi harusi mpya, ndoa bado mbichi, na maji ya kuoga kabla ya Alfajiri ni ya nyuzi 14. Msipopanga, mmoja wenu atachelewesha sala na mwengine atanuna. Wapo watakaokutajia kisa cha Amr bin Al-Aas, aliyeogopa baridi kali safarini akatayamamu na kuwasalisha wenzake, na Mtume akatabasamu asimlaumu. Kisa ni cha kweli, kimo kwa Abu Daud. Lakini yule alikuwa vitani, katika baridi aliyoihofia nafsi yake, na wewe una jiko ndani. Dawa ni birika kubwa na makubaliano: nani anaamka kwanza kuwasha. Kwetu anaamka yeye. Sikumuomba. Wiki ya pili nilisikia kibiriti gizani, nikanyamaza kama nimelala, nikasikia maji yanaanza kuimba kwenye sufuria. Dada zangu, mashairi ya harusini mengi yanasifu dhahabu. Mimi ningependa kumsikia mtu akisifu sufuria ya maji ya moto saa kumi na nusu.

Lakini maji ya moto yanataka kuni, na kuni zinatoka kwenye miti. Hili lilinifikirisha sana, kwa sababu kipupwe kinachotufanya tuipende miti ya mtaa ndicho kinachotufanya tuitie shoka. Jirani mmoja mwaka ule alitaka kuuangusha mjohoro wote kwa ajili ya mkaa wa msimu. Wanawake wa fagio hawakugombana naye. Walimwendea watatu, na bibi yangu yule akiwa mbele, wakazungumza naye kuhusu kupogoa: mjohoro ukiukata matawi unachipua tena, hata kisiki chake huchipua, kwa hiyo chukua mikono, acha kiwiliwili. Akakubali kwa shingo upande. Sisi tukanunua mtungi mdogo wa gesi kwa maji ya alfajiri, na kuni tunaziweka kwa kupikia maharage tu. Gesi ni ghali huku. Tunapunguza nyama, mambo yanakwenda.

Chakula sitakaa nacho sana. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa nchi nzima na sifa hiyo ni halali yao. Mlenda umenichukua mwezi kuuzoea na sasa ninauomba. Mafuta ya alizeti yanakamuliwa karibu, na nimeyageuza kuwa mafuta ya mwili pia, maana hayagandi kama yale ya nazi. Kwa midomo iliyopasuka na visigino, asali kidogo usiku na soksi juu. Upepo mkavu hautaki vipodozi vya maji maji. Samaki wa baharini sahau.

Kilichonisumbua zaidi ya baridi ni dakika ishirini.

Singida iko magharibi sana ya Unguja, kwa hiyo jua letu linachelewa kuzama kuliko lenu kwa kiasi cha dakika ishirini. Saa zetu ni moja, lakini jua si moja. Mama alikuwa ananipigia kila siku karibu na Magharibi, na kupitia simu yake ninasikia adhana ya msikiti wa kwetu, sauti ile ile niliyokua nayo, na mama anasema, "Haya mwanangu, adhana hiyo, nenda kasali." Na mimi huku bado jua liko juu ya mijohoro, bado ni Alasiri. Anakata simu. Ninabaki na simu mkononi, katika dakika ishirini ambazo kwetu ni usiku na kwangu ni mchana. Siku ya Arafa nilifunga peke yangu, mume wangu alikuwa kazini nje ya mji. Nikamsikia mama anafungua kwa tende na ninasikia vikombe, watoto wa kaka yangu, mtu anasema "mpe maji". Nikakata simu na kwenda kukaa chini ya mwarobaini kusubiri zangu.

Yule mama wa polisi, jirani wa mkono wa kulia, Mkristo wa Kagera, akaniona. Hakuuliza. Akaleta kigoda, akakaa, tukalitazama jua pamoja mpaka likashuka nyuma ya matawi. Adhana ya huku ilipotoka, akaniambia, "Haya, kula sasa," kama vile yeye ndiye aliyenifungisha.

Wazee walisema zamani kwamba kipupwe ni msimu wa mavuno kwa muumini: usiku mrefu kwa kusimama, mchana mfupi kwa kufunga. Huku karibu na Ikweta tofauti ya mchana wa Juni na wa Disemba ni kiasi cha nusu saa tu, kwa hiyo ufupi wenyewe haupo. Lakini ubaridi upo, na kiu haipo. Mwaka 2025 Arafa na Ashura zote zilituangukia kipupwe, na sijawahi kufunga funga nyepesi kwa mwili kama zile, wala nzito kwa moyo kama ile ya kwanza.

Mwezi wa saba mwishoni shangazi akapiga simu. Harusi ya binamu yangu Agosti, nije, na nikishafika nisirudi. "Kaa kwenu, mumeo atakuja likizo, mpaka watakapomhamisha. Mwanamke hakuolewa ili akaote jua barani." Alisema kwa mapenzi, najua. Nilimweleza mume wangu yote bila kupunguza. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Ukitaka kurudi nitakupeleka mwenyewe, na sitakuwa na kinyongo. Lakini nitakuwa na huzuni, sitakuficha."

Hapa nataka mabibi harusi wasogee karibu. Kuna swali ambalo katika posa yetu halikuulizwa na upande wowote: mtaishi wapi, na akihamishwa je? Walizungumza mahari, walizungumza kitanda na kabati, siku ya singo, nani atapika. Mtumishi wa serikali ya Muungano anaweza kupelekwa Kigoma, Mtwara au Nduguti, na kila mtu ukumbini alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka. Kifiqhi ni suala lenye maneno. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Ahmad wanaona mwanamke akishurutisha kwenye ndoa asitolewe mji wake, sharti lina nguvu, na likivunjwa ana hiari ya kuivunja ndoa. Katika madhehebu yetu ya Shafi ndoa inasihi lakini sharti lenyewe halimfungi mume. Kwa hiyo usitegemee karatasi. Kaa naye mbele ya walii wako, muulize, msikilize anavyojibu. Jibu lake ni elimu kuhusu yeye kuliko kuhusu mji. Na ukiwa na mama mgonjwa, au skuli hujamaliza, au unajijua kuwa mbali na watu wako unaugua, sema kabla ya hina. Hiyo si kukosa tawakkul.

Nilimpeleka shauri lile mama wa Kagera, tukiwa juani. Amehamishwa mara nne na mumewe. Akaniambia kila alipokwenda alipanda kitu: mapapai sehemu moja, mchungwa sehemu nyengine, na hakuna hata mmoja aliokaa akala matunda yake. "Wanakula wengine. Na hapa mimi nakula maembe ya mtu nisiyemjua." Nikamweleza ile hadithi yetu, kwamba Muislamu akipanda mti, akala mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake. Akafikiri. "Hata mbuzi?" Nikamwambia hata mbuzi. "Basi mimi nina sadaka nyingi sana," akasema, "maana mapapai yangu mengi yaliliwa na mbuzi."

Nilikwenda harusini. Siku kumi na mbili Unguja, nikanusa bahari, nikala pweza mpaka nikatosheka, nikalala chumba changu cha zamani. Joto la Agosti kwetu lilinionea raha. Kila jioni adhana ilikuwa kwa wakati wake, na kila ikitoka ninahesabu: kwake bado dakika ishirini, sasa yuko chini ya mwarobaini anavua viatu. Siku ya kumi nikamwambia mama ninarudi. Aliniangalia, akaenda uani, akarudi na kikonyo cha asmini kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki. "Kipande hiki ni cha asmini ya bibi yako. Usikiache kikauke njiani."

Hakikukauka. Kilivuka bahari mapajani, kikapanda treni, na kondakta wa basi la Singida akakiuliza kama ni dawa. Nimekipanda kwenye kona yangu ya mabua, pembeni ya mpapai, mahali ambapo maji ya udhu yanamwagikia. Kipupwe kimekwisha sasa, asubuhi hazitoi tena pumzi ya moshi, upepo umetulia na kila mtu anatazama mbingu za Novemba. Kikonyo kimetoa majani matatu. Mume wangu anasema mbuzi wa jirani ameshaliona lile la juu.